Miaka 19 na BSA Martini International: uzoefu wangu na bunduki ndogo ya shabaha

Nimeitumia bunduki ya BSA Martini International Mk II, ya kaliba ya .22 (yaani mtutu wenye tundu la inchi 0.22 hivi), tangu majira ya baridi ya mwaka 2006, kwanza nikiazima ya klabu na kisha, kuanzia 2009, nikiwa na ya kwangu mwenyewe. Katika kipindi hicho nimewahi kujaribu bunduki nyingine za shabaha, zikiwemo mpya zenye thamani mara kumi ya hii, na kila mara nimerudi kwenye Martini. Ninaandika kwa sababu ndugu kadhaa wanaoishi huku Uingereza wameniuliza kama mchezo huu unamfaa mtu wa kwetu, na kama kuna haja ya kununua chombo cha bei kubwa ili kuanza. Jibu langu kwa swali la kwanza ni ndiyo, na kwa swali la pili ni hapana, lakini sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo.

Nianzie mbali, kwa babu yangu. Babu alikuwa mkulima wa pamba Kwimba, na katika miaka ya 1950, msimu mmoja mzuri ulipompa fedha, alinunua baiskeli ya BSA ambayo aliitunza kuliko alivyotunza nguo zake. Mbele, chini ya usukani, palikuwa na nembo ndogo ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana, mithili ya fito za kibanda kabla ya kuezekwa. Sisi wajukuu tulizoea kuipitishia kidole bila kujua inahusu nini, na tuliamini kuwa baiskeli ile iliwahi kuwa ya jeshi. Nilikuwa mtu mzima, nimehamia Birmingham kikazi, nilipofahamu kwamba herufi zile zilimaanisha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa jiji hilo, ambayo baadaye iliingia katika baiskeli na pikipiki, na ambayo kiwanda chake kikuu kilikuwa Small Heath, mwendo wa basi moja tu kutoka nilikopanga chumba.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenialika klabuni. Ilikuwa Alhamisi usiku, mvua nyembamba ya Novemba, na jengo lenyewe lilikuwa banda refu la matofali lenye bati juu, ambalo mtu angeweza kudhani ni ghala la mahindi. Ndani palikuwa na joto la jiko la umeme, harufu ya mafuta ya bunduki iliyochanganyika na baruti na chai, na watu wapatao 12, wengi wao wazee, wakizungumza kwa sauti ya chini kama walio maktabani. Mzee mmoja, fundi mstaafu wa mashine, aliniuliza natumia mkono gani. Nilipomjibu kuwa mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, alitabasamu, akafungua kabati la chuma, akatoa bunduki nzito yenye mti wa rangi ya asali iliyoiva, akaigeuza ubavu ili nione kuwa chemba, pale risasi inapokaa, iko wazi na haina kitu. Pale ubavuni, katika chuma, palikuwa na bunduki tatu zinazoegemeana. Nilipitisha kidole juu yake kama nilivyofanya utotoni, na mzee yule hakuniuliza kwa nini.

Kwa wasioifahamu, niieleze. Martini haina bolti ya kuvuta wala magazini. Chini yake, nyuma ya kifyatulio, kuna wenzo. Ukiushusha, kipande kizito cha chuma kinachoziba chemba huinama mbele, ganda la risasi iliyotumika hutoka, na mtambo hujikoki papo hapo. Unaweka risasi nyingine kwa kidole gumba, unaisukuma, unapandisha wenzo, na chemba inafungwa kwa mlio mfupi ambao mwenye kuuzoea anaweza kuutambua akiwa amefumba macho. Mpango huu ni wa zamani sana. Mmarekani Henry Peabody alisajili wazo la awali mwaka 1862, Friedrich von Martini akaliboresha huko Uswisi, na kuanzia 1871 askari wa Uingereza walibeba Martini-Henry, bunduki kubwa ya vita yenye mtambo wa ukoo huohuo. Wakati majeshi yalikuwa yamekwishauacha mtambo huo zamani, BSA iliendelea kuupunguza na kuunyoosha kwa ajili ya risasi ndogo ya .22, na International, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1950, ilikuwa tunda la kazi hiyo. Kwa hiyo kilichokuwa silaha ya vita kiliishia kuwa chombo cha kutoboa karatasi, na sijaona mwisho mwema kuliko huo kwa mtambo wowote wa aina yake.

Kwa mtu wa mkono wa kushoto, faida yake haisemeki. Bunduki nyingi zina bolti upande wa kulia, hivyo mwenye kushoto hulazimika kuuvusha mkono juu ya uso wake au kuinua kiwiko chake kila baada ya risasi moja, na akishakiinua, mkao aliouhangaikia umekwisha. Wenzo wa Martini uko katikati na hauna upendeleo. Bunduki ile ya klabu ilikuwa pia na kitako kilichochongwa kwa shavu la kushoto la mtu anayelenga kwa jicho la kushoto, na ninakumbuka nilipoilalia kwa mara ya kwanza nikahisi kuwa mtu fulani, zamani sana, aliniwaza mimi.

Nilikuwa nimewahi kupiga risasi kabla ya usiku huo. Nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria mwaka 1990, kama vijana wengi wa rika langu waliomaliza kidato cha sita, na tulifundishwa SAR na SMG, bunduki za kijeshi, tukalala kwenye mchanga wenye moto tukiwa na risasi chache za kuhesabu, nami nikapiga kwa bega la kulia kama wenzangu wote. Ile ilikuwa kazi na wajibu, na niliifanya kwa heshima, ila sikuwa na muda wa kujisikiliza. Klabuni nilikuta jambo tofauti kabisa. Risasi ya .22 haina teke begani. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na zile tunazotumia kwa shabaha huruka kwa kasi ya takribani mita 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti, kwa hiyo hakuna ule mpasuko wa hewa unaoumiza. Kuna pigo kavu tu, kisha kimya. (Hata hivyo vifunika masikio ni lazima ndani ya jengo, na wanaodharau sharti hilo wakiwa vijana huja kulilipia uzeeni.) Kwa kuwa hakuna kishindo cha kukuogopesha, huna kisingizio: ukikosea, umekosea wewe, na kosa lako linaonekana wazi kama kidole.

Mzee yule alinifundisha kulala kwanza, na kulenga baadaye. Kwa Alhamisi tatu mfululizo sikupewa risasi zaidi ya kumi kwa usiku mmoja. Alinionyesha namna ya kuutanua mwili kidogo pembeni mwa mstari wa bunduki, kukunja goti moja ili tumbo lisikandamizwe na mapigo ya moyo yasifike kwenye mtutu, na kufunga mkanda juu ya kiwiko cha mkono unaobeba bunduki hadi mkono wenyewe uweze kulegea bila bunduki kushuka. Baada ya hapo unafumba macho, unavuta pumzi mara mbili, unaitoa, kisha unafumbua. Kama duara jeusi la shabaha halimo ndani ya pete ya kilengeo cha mbele, usiisukume bunduki iende huko. Sogeza mwili mzima, kwa kuwa msuli unaolazimishwa utachoka na kukusaliti. Maneno haya nimeyarudia kwa wageni wengi tangu wakati huo, na kila ninapoyasema nasikia sauti yake.

Umbali wetu ni yadi 25, yaani mita 23 kasoro kidogo. Kadi ya shabaha ina miduara kumi midogo, kila mmoja kwa risasi moja, na alama za juu kabisa ni 100. Mtu asiyeujua mchezo huu hudhani umbali huo ni mdogo mno kuwa na maana, mpaka alale mwenyewe, achungulie katika kitundu cha kilengeo cha nyuma, na kuona jinsi duara linavyopanda na kushuka kwa kila pumzi. Usiku wangu wa kwanza nilipata 61. Baada ya miezi minne nilifika 90, kisha nikakwama kati ya 92 na 95 kwa mwaka mzima, na huo ndio mwaka ninaoukumbuka kwa mapenzi makubwa kuliko yote, kwa sababu kila Alhamisi niliondoka nikiwa na jambo moja la kufikiria hadi Alhamisi iliyofuata: kidole kilichovuta pembeni, shavu lililonyanyuka mapema, pumzi iliyoshikiliwa muda mrefu hadi jicho likaanza kutia ukungu. Usiku mmoja nilipiga risasi mbili katika duara moja na kuacha jingine jeupe, na niliumia rohoni kwa siku kadhaa. Mzee aliniambia niibandike kadi ile ukutani nyumbani, nami nikafanya hivyo, bado ipo.

Jambo ambalo sikulitegemea ni ligi za posta. Klabu hupiga kadi zake katika banda lake, shahidi anatia sahihi, kisha kadi zinatumwa kwa bahasha kwa msahihishaji ambaye huzikagua kwa kioo cha kukuzia na kipimo cha chuma kinachoingizwa katika tundu. Wapinzani wako wako Cornwall au Scotland, hujawahi kuwaona, na huenda hutawaona kamwe, lakini baada ya misimu kadhaa unayafahamu majina yao na alama zao kama unavyowafahamu majirani. Nilikulia mahali ambapo barua ilisubiriwa kwa wiki nyingi, kwa hiyo furaha ya kufungua orodha ya matokeo iliyobandikwa kwenye ubao wa klabu ilikuwa furaha niliyoitambua mara moja.

Vilabu vya namna hii vina historia inayoeleweka zaidi ukijua vilianza lini. Vita vya Makaburu, vya mwaka 1899 hadi 1902, viliwaonyesha Waingereza kwamba vijana wao wa mijini hawakujua kulenga, na Lord Roberts, aliyeongoza jeshi huko, alihimiza kuundwa kwa vilabu vya bunduki ndogo ambavyo mfanyakazi wa kawaida angeweza kumudu. Chama chao kilianzishwa mwaka 1901, na tangu 1947 kinaitwa National Small-bore Rifle Association. Lengo la kivita lililokuwa nyuma ya mpango ule limefifia, ila lile la mfanyakazi wa kawaida limebaki: katika banda letu nimelala sambamba na dereva wa lori, muuguzi, mwalimu wa hesabu na mwanafunzi wa chuo kikuu, na hakuna aliyeulizwa anatoka wapi kabla ya kuulizwa kama anataka chai.

Sasa nije kwenye upungufu, kwa kuwa mapitio yasiyo na upungufu hayamsaidii mnunuzi. Toleo la mtutu mzito lina kilo 6 hivi, uzito unaosaidia sana ukiwa umelala, lakini si bunduki ya kupigia ukiwa umesimama isipokuwa una mabega ya kuli wa bandarini. Utengenezaji wake ulikoma zamani, hivyo vipuri hutafutwa kwa wauzaji wa vitu vikuukuu au huchongwa na fundi. Mimi nimewahi kubadilisha springi mara moja na kitoa ganda mara moja katika miaka 16. Ukitaka kushusha wenzo unahitaji nafasi kidogo chini, na mwenye kulala karibu sana na mkeka atagonga vidole hadi azoee. Nilipojaribu bunduki mpya ya Anschütz, ya Kijerumani, ya mwenzangu, niliona kwamba inarekebishika kila mahali, kitako, shavu, kiganja, na kwa mpigaji wa kiwango cha juu tofauti hiyo ni kubwa. Mimi si mpigaji wa kiwango hicho. Kwa yadi 25, Martini yangu huweka risasi katika tundu moja inapolazwa kwenye mfuko wa mchanga, maana yake ni kwamba alama ninazopoteza ninazipoteza mwenyewe. Usafi wake nao ni rahisi: unachomoa pini, mtambo wote wa ndani unatoka, na mtutu unasafishwa kutoka nyuma bila kukwaruza mdomo wake.

Kuhusu risasi, nashauri ununue chache za aina kadhaa kabla ya kujifunga na moja, kwa sababu kila mtutu una chakula chake. Wangu unapenda Eley, ambazo nazo hutengenezwa Birmingham, na si zile za bei ya juu kabisa. Na baada ya kupiga, nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa kikombe au biskuti, maana kichwa cha risasi ni madini ya risasi na vumbi lake si la kuchezea.

Sheria za hapa ni kali, na mimi naziunga mkono kwa moyo wote. Mwanachama anaweza kutumia bunduki za klabu iliyoidhinishwa bila kuwa na leseni yake binafsi, lakini lazima kwanza apitie muda wa majaribio usiopungua miezi mitatu. Nilipoamua kununua ya kwangu, polisi walikuja nyumbani, wakakagua kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, wakaniuliza maswali kwa adabu na kwa kina, na leseni niliyopewa, ya miaka 5, ilitaja hata idadi ya risasi ninazoruhusiwa kuwa nazo. Mama yangu, nilipompigia simu Mwanza kumweleza, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Mwanangu, huko mnapigana na nani?" Ilinichukua muda kumweleza kwamba tunashindana na karatasi. Binti yangu ndiye aliyemaliza mjadala alipofikisha miaka 14 na kuanza kuja nami Alhamisi. Alimtumia bibi yake picha ya kadi ya 88, na tangu hapo bibi huuliza matokeo kabla ya kuuliza habari za shule.

Kati ya kumbukumbu nyingi, mbili hunijia mara kwa mara. Ya kwanza ni Agosti 2012, tulipoketi watu tisa mbele ya televisheni ndogo ya klabu kutazama fainali ya kulala ya mita 50 katika Olimpiki ya London, pale Woolwich. Sergei Martynov wa Belarus alikuwa ameingia fainali na alama 600 kati ya 600, na duara la kumi katika shabaha ile lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Alipomaliza na 705.5 na kutwaa dhahabu, hakuna aliyepiga kelele bandani; mzee wangu alivua miwani, akaifuta, akasema kuwa mtu yule hakupumua vibaya hata mara moja. Shindano hilo la kulala liliondolewa Olimpiki baada ya Rio 2016, na hadi leo linanisikitisha.

Ya pili ni ya majira ya baridi ya mwisho ya mzee wangu. Magoti yalikuwa yamekataa, hakuweza tena kulala kwenye mkeka, ila alikuja kila Alhamisi na kuketi nyuma yangu kwenye kiti cha mbao, darubini mbele yake, akinitajia kila risasi ilipoangukia kwa kufuata mishale ya saa. Nilikuwa nimemwambia kwamba mahali ambapo yeye anasema saa nne, chini kulia, sisi tunasema saa kumi, na jambo hilo lilimfurahisha sana hata akaniomba nimfundishe saa zote kumi na mbili za Kiswahili, na neno moja la kutumia pale risasi inapokaa katikati. Usiku ule nilipiga polepole, nikishusha wenzo, nikiweka risasi kwa gumba, nikipandisha wenzo, na baada ya kila pigo nilisubiri sauti yake kabla ya kusogea kwenye duara lililofuata. Mara tisa alisema, "Ndani." Mara moja, ile ya saba, alisema, "Saa kumi." Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi kwenye kadi mahali pa shahidi, na kuiandikia 99 kwa mkono wake.